Funguo za Jessica, makasha ya Portia

Ndugu Mhariri,

Tangu tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, itoke mwaka 1969, tamthiliya hiyo ya Shakespeare tumezoea kuisoma kama kesi ya riba na ratili ya nyama. Jina lenyewe linatuvuta huko. Nawaomba walimu na vikundi vya maigizo wawatazame mabinti wawili, Portia na Jessica, maana humo hakuna mali inayolindwa kwa wivu kama wao.

Baba yake Portia amekufa, lakini bado ndiye anayemwoza binti yake. Ameacha wosia wa makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Mposaji akifungua lenye picha ya Portia, ameoa. Akikosa, alikwisha kuapa asipose mwanamke mwingine maisha yake yote. Wanaume wanachagua. Portia mwenyewe, katika tendo la 1, analalamika kwamba hawezi kumchagua amtakaye wala kumkataa asiyemtaka.

Kwa Jessica, angalieni funguo. Tendo la 2, onyesho la 5, Shylock, baba yake, mkopeshaji wa riba anayedai ratili ile ya nyama, akitoka kwenda kula anamwachia funguo za nyumba, papo hapo anamwamuru afunge milango na asichungulie dirishani. Anamwamini kwa ulinzi, hamwamini kwa macho yake mwenyewe! Onyesho ni fupi, na mwongozaji akilikata kuokoa muda, Jessica atorokaye na mpenzi wake Lorenzo, akichukua dhahabu na vito, anaonekana mwizi tu.

Kosa jingine ni kumliza Shylock jukwaani, "Binti yangu! Fedha zangu!" Kilio hicho anakisimulia Solanio, Mvenisi mmoja anayemdhihaki, kwa kejeli. Lakini Shylock asitakaswe: katika tendo la 3 anatamani binti yake awe maiti miguuni pake, vito vikiwa sikioni.

Na mama? Katika nyumba zote mbili hayupo. Leah, mke wa Shylock, tunamjua kwa pete ya feruzi tu, ambayo Jessica ameibadilisha kwa nyani.

Katika tendo la 5 Nerissa, mtumishi wa Portia, anakabidhi hati ya urithi wa mali ya Shylock. Jessica ametajwa, anayejibu ni Lorenzo. Jessica alikwisha kunyamaza tangu aliposema kwamba muziki mtamu haumchangamshi kamwe. Mwigizaji wake abaki jukwaani hadi mwisho, aonekane vizuri, na hati ile isipite mikononi mwake.

Mwalimu wa fasihi,
Morogoro