Gorogoro Mbili: Barua kwa Ndugu Yangu wa Vihiga

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi huku tu wazima, na watoto wanakuulizia kila siku. Tangu tulipoagana baada ya matanga ya shemeji, kuna neno ulilonena tukiwa tumekaa chini ya mparachichi, vijana wakikunja maturubai na kuhesabu viti vya kukodi, ambalo limekataa kunitoka. Ulisema kwamba dhamiri yako haina neno nawe, kwamba kama Mungu yupo basi dhamiri hiyo ndiyo mahakama yake ya pekee, na kwamba hukumu ya siku ya mwisho ni fimbo ya wahubiri. Siku ile nilinyamaza, maana haikuwa siku ya kubishana na mfiwa. Leo nakujibu, na nakujibu hadharani kwa sababu utakayoiona mwishoni, ambayo inawahusu watu wengine wengi nisioweza kuwafikia kwa njia nyingine.

Kwanza nikubali jambo moja bila masharti. Mhubiri aliyesimama kando ya jeneza la mkeo akadokeza kwamba ugonjwa ule ulikuwa mkono wa Mungu juu ya nyumba yako alikukosea, na alimkosea Mungu pia. Majirani zetu Waluo wanalo neno chira, yaani kule kudhoofika kunakompata aliyevunja mwiko, awe alikusudia au hakukusudia; nadhani wahubiri wengi wa huku kwetu, wakisema hukumu, huwa wanamaanisha chira iliyovikwa kanzu. Yesu aliletewa swali hilohilo na akalikataa. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 na kuwaua, aliwauliza wasikilizaji wake kama walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Alipoonyeshwa mtu aliyezaliwa kipofu, alisema kwamba hakutenda dhambi huyo wala wazazi wake. Mkristo aisomaye vizuri Biblia yake hana ruhusa ya kusoma hukumu ya mtu kwenye kitanda cha hospitali. Kwa hiyo ukiikataa hukumu ya namna ile, tuko pamoja.

Lakini wewe umekwenda mbali zaidi, umemkabidhi shahidi kiti cha hakimu.

Tazama jinsi lugha yetu inavyosema. Mtu akitenda ovu na kukosa usingizi, husema dhamiri inamsuta. Sasa kusuta si kuhukumu. Kule pwani kusuta ni shughuli kamili: mtu aliyemsengenya mwenzake huendewa nyumbani, akakabiliwa mbele ya mashahidi na kuambiwa maneno yake usoni. Anayesuta anayo habari ya kutoa, tena mara nyingi habari ya kweli, ila hana uwezo wa kumfunga mtu wala wa kumwachilia. Mtume Paulo aliiweka dhamiri mahali hapohapo alipowaandikia Warumi kwamba hata mataifa wasio na torati wanaionyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao, dhamiri yao ikiwashuhudia, na mawazo yao yakiwashitaki au kuwatetea. Humo ndani mna ushahidi, mashitaka na utetezi. Hukumu yenyewe ameiacha kwa siku ambayo Mungu atazihukumu siri za wanadamu. Na alipojizungumzia yeye mwenyewe kwa Wakorintho aliandika hivi: “Kwa maana sijui neno juu ya nafsi yangu, lakini sihesabiwi haki kwa ajili hiyo, ila anihukumuye mimi ni Bwana.” Yaani Paulo angeweza kukaa chini ya mparachichi ule na kusema maneno yako yaleyale, kisha angeongeza sentensi uliyoiacha.

Kwa nini sentensi hiyo ni ya lazima, sikuijua kwa kusoma. Unakumbuka miaka niliyouza mahindi katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Gorogoro, kama ujuavyo, ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro 40 zilizosawazishwa, yaani kilo mbili na robo za mahindi kwa kila gorogoro. Mimi nilikuwa na mbili. Ile ya kuuzia niliigonga kitako kwa nyundo hadi kikaingia ndani kama kiganja kilichokunjwa, nayo ikalifanya gunia litoe gorogoro 43. Ile ya kununulia, niliyokwenda nayo uani kwa wakulima, niliigonga kutoka ndani, kitako kikatokeza nje, na gunia lilelile likatoa 38. Nilijifunza kuimimina nafaka haraka na kuupitisha mkono juu yake kwa madaha, mnunuzi aangalie mkono asiangalie mkebe.

Wiki ya kwanza sikulala vizuri. Wiki ya pili nilijiambia kwamba kila mtu sokoni anafanya hivyo. Kufikia mavuno yaliyofuata sikuwa najiambia chochote, kwa sababu hapakuwa na aliyeuliza. Jumapili ndiyo siku kubwa Kibuye, nami nilikuwa natoka ibadani moja kwa moja hadi mezani pangu, nikipiga mluzi. Sura ya 25 ya Kumbukumbu la Torati inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo, na nina hakika niliwahi kuisikia ikisomwa; haikunigusa hata kidogo. Kama ungeniuliza wakati ule, ningekujibu kwa uaminifu kabisa kwamba dhamiri yangu haina neno nami. Ilikuwa kweli. Haikuwa nalo.

Aliyenivua nguo ni mama mmoja mteja, ambaye alitoa gorogoro yake mwenyewe chini ya leso, akaiweka kando ya yangu bila kunena, akanisubiri. Nilimimina mahindi kutoka yangu kuingia yake. Yaliishia chini ya ukingo, upana wa kidole kimoja. Watu watatu waliokuwa kwenye foleni walitazama ndani ya mkebe, kisha wakanitazama mimi. Hivyo ndivyo nilivyofahamu maana ya kusutwa, na kilichonisuta hakikutoka moyoni mwangu, kilitoka nje, kwa kipimo ambacho mikono yangu haikuwa imekigonga.

Utasema, kama ulivyosema siku ile, kwamba wazee wetu wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, tangu wamishenari walipofika Kaimosi mwaka 1902, walitufundisha kwamba Nuru imo ndani ya kila mtu. Ni kweli, nami naipenda sana sehemu hiyo ya urithi wetu. Lakini Robert Barclay, mwanateolojia wa Marafiki wa karne ya 17, alitenganisha mambo mawili ambayo wewe umeyachanganya: alisema dhamiri ni kama kandili, na Nuru ya Kristo ni kama mshumaa unaowaka ndani yake. Unamkumbuka bibi akisugua chimni la taa kwa kipande cha gazeti kila jioni kabla ya giza kuingia? Asiposugua, moto ulikuwa uleule lakini sisi tulisoma kwa shida. Na masizi yale, nikuambie, hayakutoka barabarani, yalitoka kwenye utambi huohuo uliotuangazia. Thomas Aquinas, ambaye wazee wetu hawakumsoma, alifikia jambo la jirani na hilo katika karne ya 13: mtu hapaswi kuiendea kinyume dhamiri yake hata ikiwa imekosea, na hata hivyo dhamiri iliyokosea haimwondolei mtu hatia ikiwa ujinga wenyewe aliutaka. Mimi ujinga wangu niliutaka kwa nyundo.

Kuna sehemu moja ya Maandiko ambayo wahubiri huipigia kelele nyingi bila kuitazama kwa utulivu, nayo ni Mathayo 25, kondoo na mbuzi. Tunapenda kuwawazia wale wa mkono wa kushoto kama watu waliokuwa wakijua uovu wao na kuuficha. Soma tena. Wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa, au ana kiu, au mgeni, au yu uchi, au mgonjwa, au kifungoni, wasimhudumie. Wanashangaa. Hakuna hata mmoja wao ambaye dhamiri yake ilikuwa na neno naye. Na wale wa kuume nao wanashangaa vilevile, kwa kuwa hawakumbuki mema waliyoyatenda. Pande zote mbili zimekuja na hesabu zao, na pande zote mbili zinakuta daftari la Mfalme limeandikwa vingine. Sura hiyo hunitia hofu, sikufichi, lakini nusu yake ya kwanza hunifariji, hasa nikimkumbuka shemeji, ambaye aliuguza nusu ya kijiji na hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba hukumu ni fimbo tu. Zaburi ya 96 inaialika miti yote ya msituni iimbe kwa furaha kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu nchi. Nani huifurahia siku ya kesi? Ni yule aliyedhulumiwa ambaye faili yake imezungushwa miaka na miaka. Kama dhamiri yangu ndiyo ingekuwa mahakama ya mwisho, wateja wangu wote wa Kibuye wangeshindwa kesi bila hata kuitwa, kwa kuwa hakimu alikuwa amelala, tena nilimlaza mimi.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuandika. Miongoni mwa wakulima niliowanunulia kwa gorogoro ile kubwa alikuwa mama mdogo, mama yako. Aliniuzia magunia 12 katika mavuno matatu. Siku moja, akiwa ameinama juu ya turubai, aliigeuza ile gorogoro, akapapasa kitako chake, akasema, “Mwanangu, gorogoro yako ina tumbo.” Alicheka. Nami nilicheka, tukaendelea kupima. Hakulirudia tena hadi alipofariki, na nilimbeba begani kwenda kaburini bila kumwambia.

Sura ya 5 ya Hesabu inaagiza kwamba aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na inatazamia pia kwamba aliyekosewa anaweza asiwepo tena, kitu kikapokelewa na jamaa yake. Jamaa huyo ni wewe. Gorogoro mbili kwa kila gunia, kwa magunia 12, ni gorogoro 24. Pamoja na sehemu ya tano, nikikamilisha kwenda juu, ni 29. Wengine niliowapunja siwajui majina, na kwao barua hii ndiyo maungamo niliyoweza kuyafanya. Atakayeisoma na kujitambua anitafute.

Nitashuka Mbale, huko kwenu Vihiga, Jumamosi saa nne asubuhi nikiwa na kilo 65 na robo za mahindi makavu, yaliyopimwa kwa mizani yenye mhuri wa serikali. Njoo stendi na mkokoteni. Ukitaka kuyapima upya, ile gorogoro ya mama mdogo mwenyewe, iliyonyooka kitako, nadhani bado iko jikoni juu ya dari ya kuni.

Ndugu yako,
Kisumu