Zidaka za Lamu hazichapwi nyeupe

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la Jumamosi lilikuwa na picha iliyochongwa kwenye lino, yaani bapa laini la kuchongea, na kuchapwa kwa wino mweusi, ikionyesha ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu. Msanii ana mkono mzuri, na boriti za darini amezichonga kwa subira. Mimi ni fundi wa chokaa hapa Mkomani, na zidaka zake, yaani vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, ndizo zilizonifanya niandike.

Zimetoka nyeupe tupu. Naelewa kwa nini: kwenye lino, palipochongwa hapashiki wino. Lakini kidaka ukutani ni shimo, na shimo hushika giza; kinachong'aa ni kingo za chokaa zinazolizunguka. Alitakiwa akiache kidaka bila kukigusa, patasi ipite kwenye kingo tu.

Nyumba hizi hazifunguki kwa madirisha makubwa upande wa njia. Mwanga huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukavuka msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), ukavuka msana wa yuu (ule wa juu yake), na ukifika ndani, penye ule ukuta wa zidaka, umeshafifia. Ndiyo maana wazee waliung'arisha ukuta na kupanga vyombo vya kaure kutoka Uchina: kila ukingo wa sahani uliudaka mwanga kidogo. Katika picha hakuna hata bakuli moja. Na chumba amekipanua kama ukumbi wa harusi, ilhali boriti ya mkoko haifiki mbali, mita tatu hivi, ndipo vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba.

Sisemi haya kwa kumvunja moyo. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini wateja hawaniletei kitabu cha UNESCO. Wananiletea picha kwenye simu: "Fundi, nijengee kama hizi." Sasa wanataka kila kidaka kiwe na taa ya umeme ndani! Picha yenu nayo itaingia kwenye simu hizo, nami nitaambiwa nijenge kilichomo.

Ikiwa atachonga upya, aje kwanza akae katika ile Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho hapa Lamu, asubuhi na tena alasiri, achore giza lilivyo. Nitamfuata huko na mwiko wangu nimwonyeshe kingo zinavyokatwa chokaa ikiwa bado mbichi.

Fundi wa chokaa,
Mkomani, Lamu