Mkaguzi aje saa ya uji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu vituo vya kulelea watoto mchana, hizi dei kea zetu za uswahilini.

Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Mwezi uliopita nilimpeleka mwenyewe kituoni kwa kuwa mama yake alikuwa na zamu ya alfajiri. Nikakuta pilikapilika: mikeka mipya inatandikwa, katuni zinabandikwa ukutani, na choo ambacho siku zote kina kufuli kimefunguliwa, sabuni iko pembeni bado imo kwenye karatasi yake. Dada wa kituo akaninong'oneza, "Bibi, leo tuna wageni wa halmashauri." Nikakaa kwenye benchi niwaone. Walisaini kitabu, wakatazama cheti cha usajili, wakapiga picha na watoto, wakaaga uji haujaiva. Kesho yake mikeka ilikuwa imerudi kabatini, na kufuli mahali pake.

Simlaumu sana afisa ustawi wa jamii. Huyo huyo ana ndoa zilizovunjika, wazee wasio na ndugu na watoto wa mitaani, halafu na vituo vyote ni vyake. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikutaka vituo visajiliwe ili cheti kipate fremu.

Tena chumba kile kile kina watoto wa miaka miwili na wa miaka mitano wanaosubiri darasa la kwanza. Wadogo ni wa ustawi wa jamii, ila masomo ya awali yana wathibiti ubora wa Wizara ya Elimu (sisi wa zamani bado tunawaita wakaguzi). Ukilalamika huku unaelekezwa kule. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, ile PJT-MMMAM iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2021, imejiita "jumuishi". Basi na ukaguzi uwe jumuishi: waje pamoja, siku moja.

Na waje bila kupiga simu. Waje saa nne wahesabu vikombe vya uji, kisha wahesabu watoto. Au waje saa nane watoto wamelala, waone godoro moja linabeba wangapi, na nani anawaangalia dada akienda kuosha vyombo. Nimekuwa muuguzi miaka mingi. Kucha za mtoto na harufu ya shuka huniambia mambo ambayo hayamo kwenye faili. Wawaulize na wazazi wanaokuja kuchukua watoto jioni. Mimi nilikaa pale mpaka wageni wakaondoka, hakuna aliyeniuliza hata mjukuu wangu ni yupi.

Taarifa yao ikishaandikwa ibandikwe getini, karibu na bango la ada. Lile la ada halijawahi kukosekana hata siku moja.

Bibi wa wajukuu wanne,
Mbagala, Dar es Salaam