Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: Mafuta ya taa ya Muhoroni

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibuye, Kisumu. Nikinunua tokeni za stima, kabla sijaangalia nimepata yuniti ngapi hutazama kwanza mstari wa gharama ya mafuta. Juzi mteja aliniuliza mbona bei ya geti imepanda. Nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. "Mafuta ya nini, na wewe huna jenereta?" Nikamwambia jenereta ipo, iko Muhoroni, na hata yeye anailipia.

Mitambo ile ya kuzalisha stima, ya megawati 60, ilihamishwa kutoka Embakasi mwaka 2016. Huitwa ya gesi, lakini chakula chake ni mafuta ya taa. Hewa hubanwa, mafuta yakachomwa humo ndani, na ule moto unaofura husukuma mapanga yanayozungusha jenereta. Katika kila lita tatu, mbili hivi huishia hewani kama joto tupu. Marehemu nyanya yangu kule Ahero alikuwa akipima mafuta ya taa kwa kifuniko cha chupa ili koroboi imfikishe asubuhi. Angeshika kichwa.

Sisemi iliwekwa kwa ujinga. Sisi wa magharibi tumekaa mwisho wa waya, na stima ya kutoka mbali ikitufikia jioni huwa imechoka: balbu inageuka rangi ya chai ya rangi, rodi inanata kwenye chuma badala ya kuwaka, nami nabaki nikigongagonga kama mwenye kubisha hodi. Mtambo ulio karibu huinua nguvu hiyo. Hilo nalielewa, nimelihisi kwa mikono yangu.

Ila tulijengewa laini ya kilovolti 220 kutoka Olkaria, kule Naivasha kunakozalishwa stima kwa mvuke wa ardhini, kupitia Lessos hadi Kisumu, kwa mkopo wa Japani, ili stima ya mvuke huo itufikie ikiwa na nguvu zake. Mvuke hauchomi lita hata moja. Basi tutajie tarehe ya kuzima mafuta ya taa Muhoroni; na kama bado hayawezi kuzimwa, utuambie ni kifaa gani kinachokosekana na kiko wapi.

La pili ni dogo. Gazeti Rasmi hutoa kila mwezi jedwali la vituo vilivyochoma mafuta na yuniti vilizozalisha. Nimeliona, limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe ukutani hapa sokoni. Gundi nitaleta mimi.

Wako,
Fundi wa mageti, Kibuye