Leseni za magari-nyumba na tela: someni kabla hatujaondoka

Habari zenu ndugu. Wengi mmeuliza kuhusu leseni, nami naanza na kibati, yaani kile kibandiko cha kiwanda chenye uzito wa gari. Fungua mlango wa dereva usome GVWR, yaani uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda. Sheria inaangalia namba hiyo hata kama gari ni tupu. Mzani wa barabarani haubadilishi daraja la leseni. Tela lina kibati chake, msikisahau.

Leseni ya jimbo lako ikiruhusu gari lako, majimbo mengine ya Marekani huiheshimu unapopita. Kasheshe ni kwa wanaohama. California inakupa siku 10 tu baada ya kuwa mkazi, Texas siku 90, na kuanzia hapo unafuata madaraja yao.

Texas: gari-nyumba linalozidi paundi 26,000 linahitaji leseni ya daraja B, isiyo ya biashara. Ukiunganisha tela la zaidi ya paundi 10,000 na jumla ya vibati ikafika 26,001, ni daraja A. Jaribio la barabarani hufanywa kwa gari la daraja hilohilo, kwa hiyo usiende na gari dogo la kawaida.

California hutazama urefu wa gari-nyumba: zaidi ya futi 40 hadi 45, daraja B. Pia wanaovuta tela huko mwisho ni maili 55 kwa saa, hata barabara ikiwa tupu.

Nitumieni picha za vibati vyote viwili, faragha, si hapa kikundini.