Sahibu, anza na Cöln

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila vidole ndiyo kwanza vinaanza kunitii, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Nakuandikia nikiwa ndani ya chombo cha wazamiaji huku Scapa Flow, visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Barua yako niliipata. Unasema ukija kuzamia kwenye meli za kivita za Kijerumani zilizozama hapa, utaanza na manowari kubwa, Markgraf, mengine baadaye. Nakusihi uanze na Cöln, ambayo ni kruza, meli ya kivita nyepesi kuliko manowari.

Markgraf imelala mita 45 chini, na imelala kifudifudi. Manowari zile zilipokuwa zikizama, uzito wa mizinga na minara yake ulizipindua, basi mgeni akishuka anapokewa na tumbo la meli, chuma kitupu kisicho na mwisho, na mizinga aliyoijia imefukiwa kwenye tope. Cöln ni ndogo, lakini imelalia ubavu wake wa kulia, mita kama 35, na bado ina sura ya meli. Sitaha imesimama wima mbele yako. Ilibidi nilaze kichwa begani ndipo nikaanza kuisoma: huu mnara wa kuongozea, kuta zake nene, hivi vyuma vya kuteremshia mashua, kule omo, mbele ya meli, inapotelea kwenye ukungu wa kijani. Matumbawe laini, meupe na ya chungwa, yameota kila mahali. Nilisahau kutazama geji ya hewa mpaka mwenzangu akanigusa bega.

Sasa baridi. Maji yalikuwa nyuzi 7. Uso ndio unaoumia kwanza, pale midomoni, kisha unakufa ganzi na unaacha kulalamika. Mwili uko ndani ya suti kavu, na kila unaposhuka unaiongezea hewa kidogo isije ikakubana. Ukipanda hewa hiyo hutanuka, usipoitoa itakurusha juu kama boya. Halafu kuna jambo ambalo kwenye maji ya vuguvugu hatukulifikiria kabisa: hewa ikitoka mtungini inatanuka na kupoa, na katika maji kama haya kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda kikiwa wazi, hewa ikabubujika bila kukoma. Ndiyo maana wa huku hubeba vifaa viwili kwenye vali mbili, cha kwanza kikigoma kifungwe. Na pale mita 35 kila pumzi inakula hewa mara nne na nusu ya ile ya juu. Ukitetemeka unapumua zaidi. Wakati wa kupanda, mwili uliopoa nao hutoa polepole nitrojeni iliyouingia kutoka kwenye hewa uliyopumua chini, basi hata pale penye kusimama kungoja itoke, usifanye haraka.

Kitu kimoja kimenikaa moyoni: hakuna adui aliyeizamisha meli hii. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha, meli 74 za Ujerumani zikashikiliwa hapa zikingoja wakubwa waamue. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 1919, kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikizilinda kilikuwa kimetoka kwenda mazoezini, na Admirali Ludwig von Reuter akaamuru mabaharia wake wazifungulie maji wenyewe. Zikazama 52. Nyingi ziliopolewa baadaye zikawa vyuma chakavu; kubwa zilizobaki ni saba, manowari tatu na kruza nne. Wajerumani tisa waliuawa siku ile kwa risasi za Waingereza, wakati meli zikizama. Mimi naona Reuter alifanya alichoweza, ingawa nahodha wetu hakubaliani nami hata kidogo na tumelibishania mpaka chai ikapoa.

Ghuba hii hii ina Royal Oak, manowari ya Waingereza, iliyopigwa na nyambizi ya Kijerumani mwaka 1939. Watu zaidi ya 800 walikufa. Hiyo ni kaburi, wazamiaji hawaruhusiwi, na tuliipita kwa mbali bila mtu kuomba. Ni haki.

Ile kumbukumbu uliyoniagiza, samahani, siji nayo. Meli hizi zinalindwa kisheria tangu 2001, hata msumari haung'olewi.

Uje mwisho wa kiangazi, maji hufika nyuzi 13 hivi. Kabla ya hapo peleka suti ikaguliwe mpira wa shingo na wa mikono, na ujizoeze kufunga vali ukiwa umevaa glavu nene, gizani ikiwezekana. Ukishajua tarehe niandikie nikuwekee nafasi chomboni.

Wako daima,
Mwenzio wa mbizi