Mawakili wa kuteuliwa waonane na washtakiwa mapema

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie washtakiwa wa kesi za mauaji wasio na uwezo wa kuweka wakili, pamoja na sisi mawakili vijana tunaopangiwa na mahakama kuwatetea kwa gharama ya Serikali. Huu ni mwaka wangu wa pili katika kazi hiyo, na tangu nianze nimekuwa nikiambiwa kwamba wateja hawa ni wakorofi: hawasemi kweli, hawasikii ushauri, na wengine humkataa wakili mbele ya Jaji.

Mteja wangu wa kwanza nilikutana naye katika mahabusu ya mahakama, asubuhi ya siku ileile kesi yake ilipopangwa kusikilizwa hoja za awali, askari magereza akiwa amesimama hatua mbili kutoka tulipokuwa. Nilimweleza kwamba nimeteuliwa kumtetea na kwamba hatatoa hata senti. Akauliza, "Nani anakulipa?" Nikamjibu kuwa ni Serikali. Akageukia ukutani, akasema, "Basi wewe na yule aliyeko ndani ni wamoja."

Aliyeko ndani alikuwa mwendesha mashtaka, ambaye cheo chake ni Wakili wa Serikali. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtu aliyekaa mahabusu miaka minne kwa kosa lisilo na dhamana, akiambiwa kila anapoletwa kwamba upelelezi haujakamilika, atawezaje kumtofautisha Wakili wa Serikali na wakili anayelipwa na Serikali, tena kwa mazungumzo ya dakika kumi, ilhali akitiwa hatiani adhabu yake ni kunyongwa?

Nilimfuata gerezani mara tatu, kwa nauli yangu. Mara mbili za kwanza hakusema lolote la maana. Mara ya tatu niliacha kumuuliza maswali, nikamsomea polepole maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, yaliyoandikwa polisi kwa jina lake. Tulipofika ukurasa wa tatu aliinua kidole: "Hapo sikusema hivyo." Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa hata ikalainika kama kitambaa, ambayo mahabusu mwenzake alikuwa amemwandikia majina ya watu wawili aliokuwa nao usiku wa tukio. Kwa miaka yote minne hakuna aliyekuwa amemuuliza habari zao.

Sikatai kwamba wapo wateja wagumu kwelikweli. Nimewahi kutukanwa, na nimewahi kumtetea mtu aliyebadilisha maelezo yake kila tulipoonana. Hata hivyo, wengi tunaowaita wakorofi ni watu waliochelewa kupata wa kumwamini.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaiwezesha mahakama kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapohitaji hivyo. Naziomba mamlaka zinazohusika wakili ateuliwe tangu kesi ikiwa bado mahakama ya chini, apewe jalada mapema, na awezeshwe nauli ya kwenda gerezani.

Wale watu wawili tuliwatafuta. Mmoja tulimpata, wa pili alikuwa amefariki dunia mwaka uliotangulia.

Wakili wa kujitegemea,
Kanda ya Ziwa